Shajara ya mradi: karatasi ya bendi kwa wenye mikahawa wa Mombasa

14 Januari

Kazi tuliyojipa inaelezeka kwa sentensi moja. Tunataka karatasi ya Kiswahili, pande mbili, ya kubandikwa nyuma ya kaunta, imweleze mwenye mkahawa au hoteli ndani ya Kaunti ya Mombasa anachotakiwa kuwa nacho kabla bendi haijafungua mitambo. Kijitabu hatutaki. Vijitabu huishia kufungiwa karanga.

Tuko wanne. Mimi naandika. Mzee wetu anapiga udi na kinanda, na alianza hoteli za ufukweni enzi ambazo Wajerumani walikuwa wakijaa. Yupo fundi mitambo, ambaye ndiye hulaumiwa kila jirani anapogonga geti. Na yupo kijana anayesomea sheria. Yeye tumemkaribisha kwa sharti moja: kila akitaja kifungu atuambie pia kinamgusa nani, saa ngapi.

Chanzo ni swali linalorudi kila mwezi kwenye kundi la wanamuziki. Askari wa kaunti wamepita, bosi anamwambia kiongozi wa bendi, "Leteni kibali chenu." Kiongozi anauliza wenzake: kibali gani? Bendi inadhani ni jukumu la mwenye hoteli, na mwenye hoteli anadhani bendi hutembea na vibali vyake kama ilivyo dereva na leseni ya kuendeshea. Usiku huo muziki haupigwi, na mara nyingi hata nauli hailipwi.

19 Januari

Tumeanzia juu kabisa, kwenye Katiba ya 2010. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, ndilo linalogawa kazi za kaunti. Aya ya tatu inawapa udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele, kero nyingine za umma na matangazo ya nje. Aya ya nne inawapa utamaduni na burudani za umma, na hapo ndani mmepangwa kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, maktaba, makumbusho, michezo na bustani. Mzee amecheka kuona maktaba na baa zimelala kitanda kimoja.

Lakini mpangilio huo unaeleza mengi. Kaunti ndiyo yenye burudani, ndiyo yenye pombe, na ndiyo yenye kelele. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi 2013, mwenye hoteli wa hapa alishughulika na baraza la manispaa kwa leseni ya biashara, na pia na mahakama ya leseni kwa pombe, chini ya sheria ya zamani ya Sura 121. Sheria hiyo iliondolewa na Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ambayo watu bado wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, John Mututho. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyohalalisha chang'aa. Baada ya 2013 kaunti zikachukua utoaji wa leseni za pombe, na nyingi zikatunga sheria zao juu ya msingi huo.

Mwanasheria wetu mtarajiwa ametafuta siku nzima "kibali cha bendi" kwa maana anayoitaka yule bosi, hati moja yenye jina hilo ambayo mwanamuziki anaibeba kutoka hoteli hadi hoteli. Haipo. Yaliyopo ni masharti yanayomshika mwenye eneo: kibali cha biashara kinachosema anafanya shughuli gani, leseni ya pombe kama anauza, viwango vya kelele, na haki za watunzi. Mwanamuziki anaguswa na yote, ila hati hata moja haiandikwi kwa jina lake.

27 Januari

Rasimu ya kwanza imekwisha na imekufa. Kijana aliipanga kwa sheria: sura ya biashara, sura ya vileo, sura ya mazingira, sura ya hakimiliki. Ni safi, na kwa mtihani ningempa alama zote. Tumempa mwenye hoteli mmoja Bamburi aisome, akafika mstari wa tano akauliza, "Sasa Jumamosi niwaite au nisiwaite?"

Kisha tumeipeleka Mji wa Kale, kwa mama mwenye mkahawa mdogo anayetaka taarab ya udi na dumbaki siku za mwisho wa juma. Amevaa miwani, amesoma sura ya vileo yote kwa heshima, kisha akatuangalia. "Wanangu, mimi nauza mahamri, mbaazi na kahawa tungu. Hii ya chupa yanihusu nini?"

Haimhusu kabisa. Kwa mkahawa usiouza pombe, rundo lote la saa za kuuza, umbali kutoka shuleni na umri wa wateja linaanguka. Anabakiwa na kibali cha biashara, kelele na watunzi. Wakati huohuo yuko hatua chache kutoka msikitini, na hilo kwenye kanuni za kelele ni jambo zito kuliko chupa. Kumbe watu wawili wenye bendi zinazofanana wanahitaji karatasi mbili tofauti.

Tumekubaliana karatasi ipangwe kwa maswali. Unauza pombe? Muziki uko ndani au uani? Umepakana na nani? Unaanza saa ngapi? Nilitaka swali la saa liwe la kwanza, wenzangu wakaona liwe la mwisho. Tumeliacha mwisho kwa sasa.

3 Februari

Kelele. Hapa tumekaa na tutakaa.

Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, zilitangazwa 2009 kwa Tangazo la Kisheria Namba 61. Zinasimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa hiyo mwenye hoteli ana mabwana wawili: kaunti yenye jukumu la kelele kikatiba, na mamlaka ya taifa yenye viwango. Jedwali la kwanza la kanuni hizo linagawa maeneo. Penye ibada, mchana desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na usiku 35. Makazi, nje ya nyumba, 50 na 35. Makazi yaliyochanganyika na biashara na sehemu za burudani, 55 na 35. Eneo la biashara, 60 na 35.

Fundi ameisoma safu ya usiku akaanza kucheka, halafu akaacha. Kila eneo ni 35, iwe barabara ya maduka au uchochoro wa makazi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili mezani ni karibu 60. Kwa 35 tunasema habari ya chumba ambamo watu wananong'ona.

Kisha kijana akatuonyesha mstari ambao kila mmoja wetu alikuwa ameuruka. Kwa kanuni hizi mchana unaanza saa 12:01 asubuhi na kwisha saa 2 usiku. Saa 2:01 usiku ni usiku tayari. Yaani bendi ya Mombasa, ambayo kwa desturi inafunga nyaya saa moja na kuanza saa mbili, inapiga noti ya kwanza dakika ileile kiwango kinaporomoka kutoka 60 hadi 35. Mzee amesema huyo aliyepanga hivyo ama hakuwahi kwenda dansi, ama alikwenda sana.

5 Februari

Fundi ametufanyia hesabu, na naziandika kwa sababu ndizo zinazoeleza ugomvi wote wa majirani.

Spika uani, bila ukuta wala paa, inapoteza takriban desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Tuseme bendi ya kawaida, si ya kishindo, inatoa 95 mita moja mbele ya spika. Mita 2 ni 89. Mita 4 ni 83. Mita 8, 77. Mita 16, 71. Mita 32, ambayo kwa viwanja vyetu ni chumbani kwa jirani, 65. Ili 95 ishuke mpaka 35 kwa umbali peke yake unahitaji kilomita moja. Kilomita moja kutoka hoteli yoyote ya Bamburi unakuta ama bahari ama vitanda vya watu elfu.

Kiwango chenyewe ni cha wastani wa muda mrefu, saa 14 za mchana na saa 10 za usiku, na hilo linaleta nafuu kidogo. Bendi ikipiga kwa muda wa saa tatu za usiku na kipimo kwenye ukuta wa mpaka kikasoma 60, wastani wa saa 10 unakuwa kama 55. Nafuu ipo, ila bado umepita kwa 20. Kuupata wastani wa 35 inabidi usomeke 40 ukutani wakati bendi inapiga, na mpiga ngoma hana mikono ya namna hiyo.

Mchana mambo yanageuka. Saa 4 za muziki unaosoma 60 ukutani, zikigawiwa kwenye saa 14, ni kama 54 na nusu. Eneo la mchanganyiko linaruhusu 55. Bila shaka barabara na jenereta vina hesabu yao na vinaingia humohumo, lakini sasa tunabishana kwa desibeli moja na mbili. Ishirini zimeondoka.

Hapo tumenyamaza kidogo, maana wote tumeona karatasi itaelekea wapi.

11 Februari

Jioni tumepima kwenye bustani ya hoteli moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa programu ya simu. Simu si kipimo cha mahakamani na kwenye karatasi tutaandika hivyo, lakini inamfaa mtu kujua yuko wapi. Kabla bendi haijagusa chochote, pale ukutani matatu na boda tayari zilikuwa zimepita 35 kwa mbali. Mwenye hoteli akafurahi: "Basi wafunge barabara kwanza!" Furaha hiyo haimsaidii. Jirani hapigi simu kulalamikia barabara.

Majaribio yaliyoleta tofauti ni haya. Kugeuza spika zitazame jengo na kuipa mgongo nyumba ya jirani. Kuondoa sabufa, ile spika kubwa ya besi. Kuweka spika ndogo nne karibu na meza badala ya mbili kubwa jukwaani, ili anayekaa nyuma asikie bila yule wa ng'ambo kusikia. Besi ndiyo adui. Inapita ukutani pale ambapo sauti ya mwimbaji imekwama, na simu nyingi haziioni vizuri, kwa hiyo namba inaonekana nzuri huku kitanda cha jirani kinatetemeka. Mpiga besi wetu wa mkopo hakufurahi. Ameniambia tunaandika karatasi ya kumwondolea ugali.

16 Februari

Kando ya jedwali la namba, kanuni zina katazo la jumla: usifanye kelele kubwa, isiyo ya lazima, inayosumbua au kuhatarisha starehe, mapumziko, afya na usalama wa wengine. Halafu zinataja mambo ya kuangaliwa ili kujua kama kelele ni ya aina hiyo: saa, ukaribu na makazi, kama ni ya kurudiarudia au ya mfululizo, ukubwa wake, kama imeongezwa kwa mitambo, na kama ingeweza kudhibitiwa bila jitihada au gharama kubwa.

Kwangu mimi hili ni zito kuliko desibeli. Afisa anayekuja bila kipimo hushika hapa, na hapa ndipo mwenye mkahawa ana la kujibu. Tumebuni kitu tunachokiita daftari la jirani: nani umemwambia kabla ya siku, saa uliyoanza, saa uliyopunguza, nani alilalamika na ulifanya nini. Udi usio na mitambo kwa yule mama wa Mji wa Kale unaondoa sababu moja nzima kwenye orodha. Anaacha kupiga wakati wa adhana na sala. Hiyo ni adabu ya mji tangu zamani, hakuihitaji kanuni.

Kijana ameongeza aya kuhusu leseni ya muda ambayo kanuni zinairuhusu kwa anayejua shughuli yake itapita kiwango, isiyozidi siku 7. Hii inamfaa mwenye tamasha au harusi. Kwa anayetaka bendi kila Ijumaa mwaka mzima haifai, na tumeiandika hivyo kwa herufi nene ili asijidanganye.

Nimeongeza pia mfano wa Nairobi. Mwishoni mwa Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kwamba kaunti inafuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi. Waliokuwa na karatasi zao zote zimegongwa mihuri walijikuta tatizo ni mtaa waliofungulia biashara. Mwenye kukodi nyumba ya ghorofa ya chini ili aweke jukwaa asome aya hiyo kabla ya kulipa amana.

22 Februari

Pombe, kwa ufupi, maana hili watu wanalijua kwa machungu. Kwa baa za kawaida, Sheria ya 2010 inaruhusu kuuza saa 11 jioni hadi saa 5 usiku Jumatatu hadi Ijumaa, na saa 8 mchana hadi saa 5 usiku Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Leseni hazitolewi kwa eneo lililo ndani ya mita 300 kutoka taasisi ya elimu ya walio chini ya miaka 18. Aina nyingine za leseni zina saa zake, na mwenye nayo aisome yake. Ada hatuziandiki. Kila kaunti hupanga ada kwa Sheria yake ya Fedha ya mwaka, na karatasi ya ukutani yenye ada ya mwaka juzi ni chanzo cha ugomvi kwenye dirisha la malipo.

Kinachotuhusu ni kuweka saa hizi juu ya zile za kelele. Nimezichora kwenye mstari mmoja, na huu ndio moyo wa mradi. Siku za kazi, pombe inafunguliwa saa 11 jioni na kelele zinafungwa saa 2 usiku: saa 3 ambazo sheria zote mbili zinakutazama kwa jicho jema. Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 2 usiku: saa 6. Baada ya hapo unaweza kuuza kwa saa 3 zaidi, lakini bendi yenye mitambo uani inapiga kwa huruma ya jirani.

Swali la saa limehamia juu kabisa ya karatasi. Hakuna aliyepinga.

1 Machi

Mzee amepinga, wiki moja baadaye, kama kawaida yake. "Bendi ya saa nane mchana! Nani atacheza na jua hilo? Watu wamelala, wanaume wako misikitini na wanawake jikoni." Fundi akamkumbusha bugi la Jumapili alasiri, vijana wakicheza na kurudi nyumbani kabla mzazi hajauliza. Mzee akasema lile lilikuwa bugi, hii ni biashara. Halafu akakubali saa 10 jioni, kukiwa na kivuli na upepo umeanza kutoka baharini, na mapumziko ya magharibi katikati.

Nadhani ana haki katika jambo moja. Sheria inapomsogeza mwanamuziki kutoka usiku kuja alasiri, inabadilisha pia muziki wenyewe na nani anayekuja. Alasiri huleta familia, na familia hununua soda na samaki. Mwenye hoteli wa Bamburi amesema faida ya samaki inamtosha. Mwingine, mwenye baa, amesema bendi bila chupa za usiku hailipi hata mafuta ya jenereta. Karatasi yetu haiwezi kumaliza hilo, ila tumemwekea huyo wa pili sehemu ya ndani: milango miwili, madirisha yazibwe upande wa makazi, sabufa isiguse sakafu, na baada ya saa 2 usiku gita kavu tu, lisilopitia mitambo.

6 Machi

Daraja la Mtwapa. Tulidhani tumemaliza mipaka, kumbe hatujaigusa. Mtwapa, ambayo kila mtu wa Mombasa akitaja usiku ndiyo anayoitaja, iko Kaunti ya Kilifi. Shanzu, ng'ambo ya mkono wa bahari, ni Mombasa. Bendi inavuka daraja kwa dakika chache na mwenyeji wake wa pili ana kibali cha biashara cha kaunti nyingine, leseni ya pombe ya kaunti nyingine, ada nyingine na askari wengine. Viwango vya kelele vya 2009 peke yake ndivyo vinavyovuka naye bila kubadilika, kwa sababu ni vya taifa.

Tumetia sanduku dogo: "Uko upande gani wa daraja?" Matoleo ya Kilifi na Kwale tumeyasukuma mbele. Kijana alitaka tutengeneze la kaunti zote 47. Tumemnunulia chai.

12 Machi

Watunzi. Bendi za hapa hupiga rumba za watu, taarab za watu na zilipendwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, muziki ukipigwa hadharani kwenye biashara panahitajika leseni ya watunzi, na anayeikata ni mwenye eneo, si mpiga gita. Bodi ya hakimiliki, KECOBO, ndiyo hutoa idhini kwa mashirika ya kukusanya mirabaha, na orodha ya yaliyoidhinishwa imekuwa ikibadilika. Kwa hiyo karatasi inasema jambo moja: kabla hujalipa, hakikisha shirika lililokuja mlangoni lina idhini ya mwaka huu.

Mzee alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mirabaha. Yote yalikuwa makali na hayaingii kwenye karatasi ya pande mbili.

20 Machi

Kijana ameandika kiambatisho cha nchi nyingine. Hakitakaa ukutani, lakini tutakihitaji tukienda kutoa maoni kwenye bunge la kaunti, ambalo kwa Kifungu cha 196 cha Katiba linalazimika kuushirikisha umma katika kutunga sheria zake. Nimekisoma chote.

New York ilikuwa na sheria ya kabaree tangu 1926. Ukumbi usio na leseni hiyo haukuruhusiwa kuwa na wateja wanaocheza. Kwa miongo kadhaa, hadi 1967, wasanii wenyewe walitakiwa kubeba kadi, na polisi wangeweza kuichukua. Billie Holiday na Thelonious Monk walipokonywa zao, wakafungiwa vilabu vya jiji lililokuwa makao makuu ya jazi. Jiji lilifuta sheria hiyo 2017. Mzee, ambaye anampenda Monk kwa vile vidole vyake vilivyonyooka, ameuliza mara mbili kama ni kweli. Hapo ndipo alipoacha kudai kila mwanamuziki wa Mombasa apewe kitambulisho cha kupigia.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Kwa miaka mingi baa ya kule ingeweza kuwa na wanamuziki wawili bila leseni ya burudani, na wa tatu akipanda jukwaani ni kosa. Sheria ya leseni ya 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005, ikawaondolea hata hao wawili. Malalamiko ya wanamuziki yakazaa sheria ya 2012: baa yenye leseni ya pombe inaweza kuwa na muziki wa laivu wenye vipaza sauti kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku, kwa hadhira isiyozidi watu 200, bila leseni ya ziada. Mwaka 2015 idadi ikapandishwa hadi 500. Jirani hakunyimwa haki, maana akilalamika, halmashauri inaweza kuirudia leseni ya baa hiyo na kurudisha masharti.

Hicho cha mwisho ndicho nitakachokwenda nacho mbele ya wawakilishi wa wadi. Sitaomba desibeli za usiku zipandishwe. Viwango ni vya taifa na kaunti haina mkono hapo. Nitaomba kaunti iandike kwenye kibali cha biashara mstari mmoja unaosema kwamba muziki wa laivu hadi saa 2 usiku ni sehemu ya shughuli ya mkahawa. Mstari huo tu ungetosha kumnyamazisha bosi anayedai "kibali chenu".

28 Machi

Nusu ukurasa uliobaki tumeupa mkataba, na tumeubishania kuliko sheria zote. Nani anabeba hasara muziki ukisimamishwa? Mwenye hoteli anasema hakula faida, hawezi kulipa. Bendi inasema ilikuja, ilifunga vyombo, ilipiga hadi ilipoambiwa acha.

Tumegawanya kwa chanzo. Ikiwa muziki umesimamishwa kwa sababu ya karatasi za eneo, yaani kibali, leseni ya pombe au watunzi, bendi inalipwa yote. Ikiwa ni kwa sababu bendi ilikataa kupunguza sauti baada ya kuambiwa na mwenyeji mbele ya shahidi, inalipwa kwa saa ilizopiga. Ikiwa imepita saa 2 usiku na wote wawili walijua, wanagawana. Fundi ameongeza sharti zuri: mwenye mkono juu ya kitufe cha sauti awe mtu mmoja, jina lake liandikwe. Sasa hivi mpiga solo anapandisha, mwimbaji anapandisha, na fundi anakamatwa.

Mzee ametaka pia nauli ya kwenda na kurudi ilipwe kwa hali yoyote. Imepita bila kura.

9 Aprili

Karatasi imechapwa. Upande wa kwanza una mstari wa saa umechorwa kwa rangi mbili, chini yake maswali na sanduku la daraja. Upande wa pili una daftari la jirani kwa safu tupu za kujaza, na mkataba. Mama wa Mji wa Kale amebandika yake ukutani akiwa amekata sehemu ya pombe kwa mkasi. Mwenye hoteli wa Bamburi amesogeza bendi yake kwenda Jumapili, kuanzia saa 10 jioni.

Yaliyobaki: kupata kipimo cha sauti cha kukodi kwa siku moja ili tulinganishe na simu, kuandika barua ya maoni kwa bunge la kaunti kabla msimu wa Sheria ya Fedha haujaanza, na toleo la Kilifi. Mtwapa tutahitaji mtu wa huko atuongoze, na mpiga besi amejitolea, kwa sharti kwamba neno "adui" liondolewe kwenye aya ya besi. Tumeliondoa.